Baruti, Pomboo na Sheria Iliyoachwa Peke Yake

Mwezi Machi na Aprili mwaka 2015, watafiti waliizunguka pwani ya Tanzania kwa chombo kilichokokota kinasa sauti chini ya maji. Walikuwa wakiwatafuta pomboo na nyangumi, viumbe wanaotambulika kwa sauti zao. Katika siku 31 walinasa pia milipuko zaidi ya 300, na zaidi ya nusu ilitokea umbali usiozidi kilomita 80 kutoka Dar es Salaam. Nimewasimulia wanafunzi wangu kisa hiki mara nyingi, kwa kuwa uvuvi wa baruti ulipigwa marufuku mwaka 1970. Miaka 45 ya sheria, na mabomu yalikuwa yakilia jirani na jiji lililokuwa na ofisi za wizara nyingi.

Mlipuko huua samaki wakubwa kwa wadogo na kuvunja matumbawe yaliyochukua miongo kadhaa kukua. Pomboo hutafuta chakula kwa masikio, na bomu humjeruhi hapo hapo. Nguva, ambao katika nchi yetu wamebaki wachache mno na hutajwa zaidi maeneo ya Rufiji, Mafia na Kilwa, hawana hasara ya kumudu. Wapo pia wavuvi vijana waliopoteza mikono.

Kwa nini sheria ilishindwa? Wengi hujibu kwa maneno mawili: rushwa na umaskini. Siyakatai. Hata hivyo, historia inatuonyesha sababu ya tatu, nayo ni mgawanyo wa kazi. Kosa liliandikwa katika sheria ya uvuvi, basi likaachiwa afisa uvuvi, ambaye aghalabu hakuwa na boti wala mafuta. Lakini baruti haizaliwi baharini. Ilitoka migodini na kwenye machimbo ya mawe, au ilitengenezwa kwa mbolea na dizeli. Afisa uvuvi hana mamlaka mgodini. Mkaguzi wa migodi hana shughuli baharini. Hakimu naye hupokea jalada lisilo na ushahidi. Kila mmoja alitimiza wajibu wake, na bahari ikaendelea kupigwa.

Pale taasisi zilipoungana, mambo yalibadilika. Tanga, kuanzia mwaka 1994, vijiji na halmashauri vilianza kusimamia miamba kwa pamoja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wanamaji wa jeshi waliingia katika msako, na milipuko ikapungua sana. Msako ulipokwisha, ikarudi. Mwaka 2015 serikali iliunda kikosi kazi kilichowakutanisha polisi na maafisa wa wanyamapori, misitu na uvuvi. Kikosi hicho kilishughulikia pembe za ndovu na baruti kwa mantiki moja: kumfuata muuzaji na mfadhili, si kumkamata mbebaji tu. Miaka michache baadaye milipuko ilishuka kwa kiasi kikubwa. Wazo hilo halikuwa geni. Mkataba wa Lusaka wa mwaka 1994 ulikwisha kuzitaka nchi za Afrika zishirikiane dhidi ya biashara haramu ya wanyamapori, na kikosi chake kilianza kazi Nairobi mwaka 1999.

Funzo ninaloliona ni kwamba ushirikiano wenye tarehe ya kumalizika humfundisha mhalifu kusubiri. Mshirika wa kudumu ni kijiji. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inavitambua vikundi vya wanavijiji vya kusimamia rasilimali za pwani, lakini mwanakijiji anayemtaja mlipuaji hulala nyumba tatu kutoka kwake. Tukimwacha bila ulinzi, atanyamaza, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.

Kwa hiyo, ndugu mtumishi wa umma unayesoma makala haya, siku jalada la namna hii litakapofika mezani kwako, fikiri kabla ya kuandika kwamba jambo hilo halihusu idara yako. Kwa maneno hayo hayo tulipoteza miaka 45.