Tartibu ya Viendeshi katika Linux

Shauri la kumkabidhi mgeni, yaani mashine pepe, chombo kizima, akitumie pasi na kushirikiana na mwenziwe, ni la kale kuliko kadi za michoro zenyewe. Kwani katika VM/370, mfumo ambao IBM iliutangaza mwaka 1972 kwa ajili ya kompyuta zake kubwa, msimamizi alitoa amri, na mtambo wa tepu ukawa milki ya mashine pepe moja hadi alipoamua kuurejesha. Ugomvi haukuwapo, maadamu mwenye kugawa alikuwapo.

Mambo yalizidi ugumu yalipofika kwenye kompyuta ya mezani, ambayo huamka na kuvigawa vyombo vyake yenyewe kabla mwenyewe hajaulizwa lolote. KVM iliingia katika kerneli ya Linux mwaka 2007, mtu akaweza kuendesha mfumo mgeni ndani ya mfumo mwenyeji. Na mwaka 2012, katika toleo la 3.6, ikaongezwa VFIO, kazi ya Alex Williamson wa Red Hat, ambayo hutegemea IOMMU, yaani ile sehemu ya mtambo inayokizuia chombo kisiguse kumbukumbu isiyokuwa ya mgeni wake. Toleo la 3.9, mwaka 2013, likaifungulia njia kadi ya michoro.

Sharti lilikuwa moja, nalo zito: kadi isishikwe na kiendeshi cha mwenyeji kabla ya kukabidhiwa mgeni. Nouveau, kiendeshi cha kadi za NVIDIA, aghalabu huamshwa mapema mno, tangu hatua ya initramfs, yaani ule mfumo mdogo wa kuanzia, nacho kikiisha kuishika kadi huanza kuchora kwayo, na kukipokonya baadaye kuliweza kuigandisha mashine nzima; fauka ya hayo, ziko kadi ambazo zikiguswa mara moja hazirejei hali yake ya asili mpaka mashine izimwe. Ikawa lazima atangulie mwingine. Huyo, kabla ya vfio-pci, kiendeshi cha VFIO chenyewe, alikuwa pci-stub, kiendeshi ambacho shughuli yake yote ni kukishika chombo na kutokitenda lolote, ili viendeshi vijavyo vikikute kina mwenyewe. Nami naihesabu fikra hiyo kuwa nzuri kupita zote katika taarikhi hii.

Baadaye desturi ikawa kuandika nambari za kadi, ambazo kwa NVIDIA huanza na 10de, na kuagiza kwa neno softdep kwamba vfio-pci ipakiwe kwanza kila nouveau inapoitwa. Lakini nambari hizo hutaja aina, wala hazitaji kadi, na mwenye kadi mbili za namna moja, hii ya mwenyeji na hii ya mgeni, zilimponyoka zote mbili, akabaki mbele ya kioo cheusi. Watu hao ndio walionufaika zaidi na driver_override, iliyoingia katika toleo la 3.16 mwaka 2014: jina la kiendeshi huandikwa kwenye anwani ya chombo chenyewe, pacha wake akaachiwa mwenyeji, na vivyo hivyo kwa ile sehemu ya sauti iliyomo katika kadi iyo hiyo, ambayo aghalabu hukaa katika fungu lile lile la IOMMU, yaani kundi la vyombo visivyotenganishika, na ambayo, ikisahauliwa, snd_hda_intel, kiendeshi cha sauti, huitwaa.