Kizunguzungu katika Fiqhi: Kutoka Jahazini hadi Korogwe na Handeni



Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277), alipoeleza katika kitabu chake Rawdha udhuru unaomruhusu mtu kuswali faradhi kwa kukaa, alitaja kuhofia kuangamia, kuzidi kwa maradhi na mashaka makubwa. Kisha akamtaja abiria wa chomboni anayehofia kuzama au kuzungukwa na kichwa. Msingi wa yote ni hadithi aliyoipokea Bukhari kwa Imran bin Huswayn (R.A.), aliyekuwa na bawasiri: aliambiwa aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu.

Kwa watu wa pwani, hukumu hiyo ya chomboni haikuwa nadharia. Ibn Battuta alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331 aliwakuta ni Mashafii, na wengi wao maisha yao yalikuwa baharini. Katika karne ya 19 misafara ya Pangani ilipanda na mto Ruvu, ikapita Korogwe hadi Mazinde, alikoweka makao Semboja mwana wa Kimweri, naye Muislamu. Dini ikaingia bara kwa njia hizo, na fiqhi ya Kishafii ikaja pamoja nayo. Mwanafunzi wa Handeni, ambaye pengine hajaiona bahari, akasomeshwa udhuru wa abiria wa jahazi.

Je, unamhusu? Naam, kwani sababu ya hukumu ni mashaka, si jahazi. Imamul Haramayn aliyapima mashaka hayo kwa kuondoka khushuu.

Na Korogwe ni nchi ya malaria. Kwa miaka mingi mgonjwa mahututi alitundikiwa dripu ya kwinini, dawa inayovumisha masikio na kuzungusha kichwa. Majaribio ya mwaka 2005 hadi 2010 katika nchi 9 za Afrika, Korogwe na Muheza zikiwemo, yalionyesha kuwa waliofariki miongoni mwa watoto waliopewa artesuneti walikuwa asilimia 8.5, na wa kwinini asilimia 10.9. Kwinini ikaachia nafasi yake. Kizunguzungu hakikuondoka nayo: kipo cha upungufu wa damu, cha presha, na cha sikio la ndani, penye mifereji mitatu ya majimaji inayomjulisha mtu kichwa chake kinavyogeuka. Ibn Sina alikiwekea mlango wake katika al-Qanun, akakitafutia sababu mwilini. Wanaokimbilia kusema ni pepo kabla ya kupima damu wangemsoma kwanza.

Makosa misikitini ni mawili. Wapo wanaomwambia mzee ajikaze, akaanguka safuni. Wapo pia waliozungukwa na kichwa siku moja tu, wakahamia kwenye kiti moja kwa moja. Awezaye kusimama kwa kuegemea ukuta au fimbo, asimame hivyo. Ambaye kichwa humzunguka anapoinuka kutoka sijda, aanze kwa kusimama, na kikimshika akae. Kikimtulia katikati ya swala, ainuke. Udhu wake haukutenguka maadamu anajitambua. Akizimia, atautia upya. Kuiacha swala mpaka apone hakuna aliyemruhusu.

Wallahu a'lam.