Hakuna Nyumba Iliyojilisha Peke Yake

Katika sala aliyowafundisha wanafunzi wake, Bwana Yesu aliwaelekeza waombe chakula cha siku, na akawaelekeza wakiombe kwa wingi: chetu, si changu. Sala hiyo tunaisema kila Jumapili kanisani, na wengi wetu tunaisema tena jioni kabla ya kunawa mikono na kula. Kwa mazoea, neno hilo dogo hutupita bila kulisikia. Katika insha hii tunataka kulisimamisha kidogo na kuliuliza swali la historia. Hapa kwetu, kati ya Ziwa Eyasi na kreta ya Ngorongoro, huyu "sisi" anayeomba chakula amekuwa nani? Nani amemlisha nani tangu zamani, na nani leo anakaa mbali na chungu?

Tuanze jikoni, maana Karatu mwaka husomwa jikoni. Mvua za vuli zikianza kunyesha, kwa kawaida mwezi Novemba, mboga za majani hurudi: mnavu, mchicha, majani ya maboga, majani ya kunde, mlenda. Januari na Februari ghala hupungua na mama wa nyumba huanza kupima unga kwa jicho kali zaidi. Masika yakifika Machi, malisho hustawi na maziwa huongezeka. Kibuyu cha mtindi kinakuwa mboga ya ugali. Kuelekea Juni tunachoma mahindi mabichi na kupika maharage mapya. Halafu huja kipupwe, baridi na ukungu unaoshuka kutoka msitu wa Ngorongoro, na hakuna chakula kinachoufaa wakati huo kuliko makande yaliyochemka taratibu tangu asubuhi. Mahindi na ngano vikishavunwa, mbaazi bado zimesimama shambani. Zenyewe huvunwa mwisho, jua likiwa kali na ardhi imekauka, kana kwamba Mungu aliwawekea watu wa nyanda hizi sahani moja ya kufungia mwaka.

Tunaviita vyakula hivi vya kwetu, na ni vyetu kweli. Lakini kila kimoja kina safari yake. Mtama, ulezi na kunde ni mazao ya Afrika tangu kale. Mahindi na maharage yalitoka Amerika, yakavuka bahari baada ya safari za Wareno na Wahispania. Mbaazi asili yake ni India. Makande tunayoyaona kuwa chakula cha mababu ni mahindi ya bara jingine yaliyopikwa na maharage ya bara hilohilo, na mababu wa mababu zetu hawakuyajua. Katika milima ya Wairaqw mahindi yalichukua nafasi ya mtama na ulezi kidogo kidogo katika karne ya 20. Kwa hiyo hata kabla hatujamkaribisha mgeni mlangoni, wageni wengi wamekwisha kukaa ndani ya chungu chetu.

Kilimo chenyewe ni cha zamani mno katika eneo hili. Chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, kaskazini-mashariki ya nyanda za Ngorongoro, yapo magofu ya Engaruka. Kati ya karne ya 15 na ya 18 hivi, watu waliishi pale katika eneo kame, wakaongoza maji ya mito kwa mifereji ya mawe mpaka mashambani, wakalima mtama. Mashamba yao yalienea kama hekta 2,000. Leo mawe yao bado yapo, wao hawapo. Anayeyatazama anaona kazi ambayo mtu mmoja au nyumba moja isingeiweza. Mfereji wa maji hauna maana kama wa juu anaziba na wa chini anakauka. Walikula kwa sababu walikubaliana.

Wairaqw, ambao wengi huwaita Wambulu, kwa muda mrefu waliishi juu katika milima ya Mbulu, katika nchi iitwayo Mama Isara. Eneo lilikuwa dogo na watu walikuwa wengi, kwa hiyo walijifunza kutunza udongo kwa samadi na kwa kuzuia maji yasiuchukue kwenye miteremko. Nyanda hizi za Karatu wakati huo zilikuwa malisho ya Wamaasai, na Wairaqw waliogopa kushuka. Nyumba zao walizichimba zikaingia ubavuni mwa kilima, paa likafunikwa udongo, ili adui asiione nyumba wala ng'ombe walio ndani. Hatutaki kuipamba historia: majirani hawa waliibiana mifugo na kuuana. Lakini kati ya Wairaqw wenyewe kulikuwa na desturi ya kuwekeana ng'ombe. Mwenye mifugo mingi aliwagawa wengine wakae katika nyumba za wenzake. Aliyewatunza alipata maziwa ya watoto wake na samadi ya shamba lake. Mwenye mali alikuwa na hakika kwamba ugonjwa au wizi ukiipiga boma moja, haukumaliza yote. Ilikuwa akiba, na papo hapo ilikuwa njia ya kuhakikisha nyumba isiyo na ng'ombe inapata maziwa.

Kisha ukaja mwaka ambao hata ukali wa vita ulinyamazishwa na njaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka, maradhi ya ng'ombe, ilishuka kutoka Pembe ya Afrika ikaua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki. Kwa Wamaasai, waliotegemea maziwa, nyama na damu ya mifugo yao, hayo yalikuwa maangamizi. Machi 1892 msafiri Mwaustria, Oscar Baumann, aliingia katika kreta ya Ngorongoro, na katika kumbukumbu zake aliandika habari za watu waliokondeana wakabaki mifupa, wanawake na watoto na wazee, waliofika kambini mwake kuomba chochote cha kula. Watu waliokuwa matajiri wa ng'ombe kuliko wote waligeuka omba-omba ndani ya muda mfupi. Katika miaka ile Wamaasai wengi waliokoka kwa kukimbilia kwa wakulima, wakala nafaka ambayo hapo awali waliidharau, na wengine wakaacha watoto wao walelewe huko. Damu ya koo nyingi za wakulima wa kaskazini imechanganyika na ya Wamaasai kutokana na njaa ile.

Tunapoisoma habari hiyo kama waumini, tunajifunza jambo ambalo mahubiri mengi hayafiki kulisema: kupokea chakula kutoka kwa mtu uliyemwogopa, au kumpa yule aliyekuogopesha, ni tendo zito kuliko kumpa rafiki. Ruthu alikuwa Mmoabi, mtu wa taifa ambalo Israeli haikulipenda, na alikuja Bethlehemu, mji ambao jina lake maana yake ni nyumba ya mkate. Ulikuwa wakati wa mavuno ya shayiri. Aliishi kwa sababu Torati ilikuwa imeamuru pembe za shamba zisivunwe, na masazo yaachwe kwa maskini na mgeni. Shayiri na ngano ni mazao tunayoyajua vizuri hapa Karatu. Swali la pembe za shamba kwetu si hadithi ya mbali.

Baada ya sotoka, na baada ya utawala wa wakoloni kukomesha vita vya mifugo, Wairaqw walishuka hatua kwa hatua katika nyanda hizi. Wajerumani nao walikuja. Ndani ya kreta ndugu wawili wa ukoo wa Siedentopf walifuga ng'ombe mpaka Vita ya Kwanza ya Dunia. Baadaye, chini ya Waingereza, walowezi walifungua mashamba ya kahawa upande wa Oldeani, na ngano ikalimwa katika nyanda. Vibarua wa mashamba makubwa walipewa posho ya unga wa mahindi, na ugali mweupe ukazidi kuwa ndiyo maana ya neno chakula.

Upande wa pili wa lango, mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka 1959 eneo la Ngorongoro lilitengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ili wafugaji na wanyamapori waishi pamoja. Mwaka 1974 wakazi wa ndani ya kreta waliondolewa, na 1975 kilimo kilipigwa marufuku katika eneo lote la hifadhi. Mwaka 1992 serikali iliruhusu tena bustani ndogo, kwa kuwa watu walikuwa na njaa. 2009 katazo likarudi. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilayani Handeni. Hatuandiki hapa kuamua kesi ya uhifadhi, ambayo ina hoja zake. Tunataja ukweli mmoja wa jikoni: jirani yetu wa Ngorongoro hawezi kupanda hata mstari wa mahindi nyuma ya nyumba. Kila kilo ya unga anayowasongea watoto wake ugali, ameinunua, na mara nyingi imetoka kwetu. Mvua isiponyesha, ng'ombe hukonda na bei yake huanguka, na wakati uleule bei ya mahindi hupanda. Mtu aliyeuza mbuzi mmoja kwa gunia mwaka mzuri hupeleka mbuzi wengi mnadani mwaka mbaya akarudi na madebe machache. Hivyo ndivyo ilivyokuwa katika ukame wa 2009, uliowaua ng'ombe wengi kaskazini mwa nchi.

Nasi wakulima hatuko salama kiasi tunachodhani. Wazee wanakumbuka ukame wa miaka ya 1973 hadi 1975, nchi ilipolazimika kuagiza nafaka nje, na baadaye unga wa mahindi ya njano ambao watu, kwa utani wa mpira, waliuita Yanga. Mwishoni mwa miaka ya 1970 dumuzi aliingia nchini, na mahindi yaliyokuwa yakikaa kihengeni mwaka mzima yakawa vumbi ndani ya miezi michache. Mwaka 2017 India, mnunuzi mkuu wa mbaazi zetu, iliweka kikomo kwa mbaazi zinazoingia nchini mwake. Bei ikaporomoka, na mkulima wa Karatu akajua kwamba ada ya shule ya mwanawe ilikuwa inaamuliwa Delhi. Zao ambalo lingeweza kuwalisha watoto kwa miezi lilionekana halina thamani kwa sababu tu halikuwa na mnunuzi.

Tukishuka bondeni kuelekea Eyasi tunaona kamba hiyohiyo ya kutegemeana. Vitunguu vya Mang'ola, vinavyomwagiliwa kwa maji ya chemchemi, vinaunga mboga za miji mingi. Wadatoga ni wahunzi wanaowafulia Wahadzabe vichwa vya mishale. Wahadzabe, wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kukusanya ubuyu na matunda, huleta asali ambayo majirani huitamani. Asali hiyo hubadilishwa na nafaka, na mwanadamu anayedhaniwa kuwa hana kitu ndiye anayetia utamu katika chai ya mwenye shamba.

Basi historia inalijibu swali letu. Katika nyanda hizi hakuna nyumba iliyowahi kujilisha peke yake kwa muda mrefu. Mkulima alihitaji samadi na maziwa, mfugaji alihitaji nafaka, na wote wawili, mwaka ulipogeuka, walibisha hodi kwa jirani. Bwana alipotufundisha kuomba chakula kwa wingi, alitutaka tuseme kweli juu ya namna tunavyoishi. Anayesema "chetu" na moyoni akamaanisha nyumba yake tu, anasali sala ambayo hata historia ya kijiji chake inaikanusha.

Kweli hiyo inatudai tendo. Kila mwaka baada ya mavuno tunaleta sadaka ya mavuno kanisani: madebe ya mahindi, maharage, mbaazi, kuku, mayai, maboga. Baada ya ibada vitu hivyo hunadiwa na fedha hufanya kazi ya kanisa, na ni kazi njema. Lakini wakati huo wa kipupwe ndipo chakula kinapopatikana kwa bei ya chini kabisa, na wenye njaa ni wachache. Njaa huja Januari na Februari, na katika mwaka wa ukame huendelea mpaka masika. Tunapendekeza kila mtaa usinadi vyote. Sehemu ya mahindi na mbaazi ikaushwe vizuri, itiwe katika mifuko isiyopitisha hewa ambayo dumuzi hawezi kuishi ndani yake, na ikae ghalani mpaka mwezi wa haja. Zitakuwa pembe zetu za shamba. Zisigawiwe kwa kuuliza kabila au dhehebu, wala kwa kuuliza kama mwenye kupokea anaishi upande huu wa lango au upande ule.

Mbaazi hufaa sana kwa kazi hiyo. Hazina haraka, zinavumilia ukame, na debe moja linakwenda mbali. Loweka usiku, chemsha mpaka ziive, kaanga kitunguu cha Mang'ola na nyanya, changanya, na ugali ukiwa tayari waite watoto wote waliopo uani, wa kwako na wa jirani. Kisha mwombe mmoja wao asalie chakula.