Mudaka: lupango ya matofali na miti ya mpaka iliyosahauliwa

Kila mwenye kutoka Bukavu kwenda kwenye uwanja wa ndege wa Kavumu anapita Mudaka, katika eneo la Kabare, jimbo la Kivu ya Kusini. Zamani msafiri aliona migomba na miti ya mipaka pande zote mbili za barabara. Leo kuta za matofali zinaongezeka, pamoja na lupango za mbao na za manjanja. Wengi wanaonunua viwanja wanatoka mjini, na kazi yao ya kwanza ni kuita fundi ajenge lupango, hata kabla ya nyumba. Wana sababu: kiwanja kilicho wazi ni rahisi kukiuza mara mbili. Lakini historia ya mahali hapa inaonyesha kwamba ukuta peke yake haujawahi kulinda ardhi. Kinachoilinda ni watu walioshuhudia mpaka ukiwekwa.

Katika desturi ya Bushi, ardhi ilikuwa ya mwami, na wakubwa wa vilima waliigawa kwa jina lake. Mtu aliyetaka mahali pa kudumu alitoa kalinzi, mara nyingi ng'ombe, na tangu siku hiyo alikuwa na haki ya kukaa, kulima na kuwaachia watoto wake. Aliyetaka shamba la msimu tu alilipa bwasa. Baadaye kulikuja pia bugule, yaani kununua kwa pesa. Kalinzi haikufanyika gizani. Ilihitaji mashahidi, maana hapakuwa na karatasi, na kumbukumbu ya watu ndiyo iliyokuwa hati.

Mpaka wenyewe ulionyeshwa kwa miti. Drasena, ule mti wa majani marefu, ilipendwa kwa sababu inaota kutokana na kipande tu kilichochomekwa ardhini, na hata ikikatwa inachipuka tena. Mitupa yenye utomvu mweupe ilitumiwa vilevile, kwa kuwa mifugo haiipendi. Katika nchi ya wafugaji na wakulima wanaoishi pamoja, ua wa namna hiyo ulizuia ng'ombe wasiingie katika maharagwe ya jirani. Hakuna aliyehitaji kulipa fundi. Kilichohitajika ni kisu, panga na siku moja ya kazi pamoja na jirani.

Wakoloni walileta mpaka wa aina nyingine. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilisema kwamba ardhi isiyokaliwa na watu ni mali ya Serikali, hata kama ilikuwa malisho au shamba lililopumzishwa. Mwaka wa 1928 iliundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, iliyopewa uwezo wa kugawa ardhi kubwa kwa walowezi. Katika Kabare yalianzishwa mashamba ya kahawa, chai na kinini. Mpaka wa mashamba hayo ulipimwa na kuandikwa ofisini, na jirani hakuulizwa. Nyaya za miiba, ambazo Joseph Glidden alizipatia hati ya uvumbuzi nchini Marekani mwaka wa 1874, zilikuwa zimeshaenea duniani kote kama alama ya ardhi iliyofungwa.

Baada ya uhuru, sheria ya Bakajika ya mwaka wa 1966 ilirudisha ardhi mikononi mwa Serikali. Halafu sheria namba 73-021 ya tarehe 20 Julai 1973 ilisema kwamba ardhi yote ni mali ya Serikali, hata ile ya vijiji. Sheria hiyo iliahidi kwamba amri ya Rais itapanga haki za wanaokaa kwenye ardhi ya desturi. Miaka ikapita makumi bila amri hiyo kutoka. Ndiyo sababu hadi leo mtu mmoja anashika karatasi ya mkubwa wa kijiji, mwingine anashika hati ya ofisi ya ardhi, na wote wawili wanaonyesha kiwanja kilekile.

Mwaka wa 1994 wakimbizi kutoka Rwanda walijaa katika kambi za Kashusha na Inera, kwenye barabara hiyohiyo ya Kavumu, na kuni zikawa haba. Vita vya mwaka wa 1996 na vilivyofuata viliwasukuma wanavijiji wengi kukaribia mji. Bukavu ikabanana, na Mudaka ikawa mahali pa kununua. Katika kiwanja kidogo, ua wa miti unakula nafasi, na unangoja miaka kabla ya kuzuia mwizi. Ukuta unasimama kwa majuma machache.

Tatizo liko katika mapatano na fundi. Yanataja matofali, mifuko ya simenti, urefu na malipo. Mpaka hautajwi. Fundi anachimba msingi pale alipoonyeshwa, na mara nyingi kazi inaanza kwa kung'oa drasena ya zamani, ushahidi pekee uliobaki. Jirani akilalamika baadaye, fundi ameshalipwa na kuondoka. Ukuta ukiamriwa kubomolewa, hasara ni ya mwenye kiwanja.

Kwa hiyo kabla ya jembe la kwanza, inafaa kuwaita majirani wa pande zote, mkubwa wa kijiji na mpimaji wa ofisi ya ardhi. Miti ya mpaka ipigwe picha kabla ya kuguswa. Vipimo viandikwe na wote watie sahihi, na karatasi hiyo iambatane na mkataba wa fundi. Malipo yagawanywe: msingi, ukuta, kisha umaliziaji. Mkataba utaje pia njia ya maji, kwa sababu Mudaka ina miteremko, na maji ya mvua yaliyozuiliwa na ukuta hubomoa ukuta wenyewe au huingia kwa jirani.

Wazee hawakuwa na simenti, lakini walijua kwamba mpaka unaanzia kwa jirani. Mwenye kujenga kwa matofali anaweza kuacha drasena moja katika kila pembe. Haigharimu kitu, na siku ukuta utakapoanguka, mti utabaki kusema mpaka ulikuwa wapi.