Said Ahmed Mohamed
Said Ahmed Mohamed, mtunzi wa riwaya, tamthilia na mashairi, alizaliwa mwaka 1947 kisiwani Pemba, mkabala wa mwambao wa Tanga. Baada ya kusomesha Zanzibar alipata shahada ya udaktari mjini Leipzig, kisha akawa mwalimu Nairobi, Osaka nchini Japani, na hatimaye Bayreuth nchini Ujerumani, wala kuishi ughaibuni hakukuipunguzia kalamu yake ladha ya Kiswahili cha visiwani.

Riwaya yake mashuhuri, Utengano (1980), yamsawiri Maksuudi, mtu wa jaha mbele za watu na dhalimu nyumbani mwake, ambaye, kwa kumkuta mkunga Farashuu akimzalisha mkewe Tamima kinyume cha amri yake, anamtaliki mzazi huyo. Na Maimuna, binti yao aliyetawishwa tangu utoto, anatoroka. Ni nadra katika fasihi yetu udhalimu wa ndani ya nyumba kufichuliwa kwa uchungu wa namna hiyo.

Tamthilia yake Amezidi (1995) yawaweka Ame na Zidi pangoni, wakitegemea misaada, na riwaya ya Babu Alipofufuka (2001) yamleta mzuka wa babu kumsuta mjukuu mwenye madaraka.