Jedwali la visanduku 8,800: historia ya kupima madhara kabla mti haujakatwa

Leo nawaletea historia ya chombo ambacho wengi wetu tunakisikia redioni tu: tathmini ya athari kwa mazingira. Ni ile ripoti ambayo mwenye mradi hutakiwa kuitoa kabla ya kufyeka msitu au kuchimba shimo.

Mimi ni mtu wa kuandika programu, si mwanasheria wala bwana misitu. Lakini kwetu ni Vitengeni, Kilifi, na wanajiolojia waliandika zamani kwamba ardhi ya huko ina madini ya risasi na barite. Siku mtu akija na leseni ya kuchimba, ripoti hiyo ndiyo itakayosema kama maji ya kunywa yatabaki salama. Basi ni vizuri tujue inavyotengenezwa. Ukiitazama kwa jicho la mtu wa tarakilishi, utaona kwamba hii ni hadithi ya data.

Ilikoanzia

Marekani ilipitisha sheria yake ya sera ya mazingira mwaka 1969, na Rais Richard Nixon akaitia sahihi tarehe 1 Januari 1970. Iliitaka kila idara ya serikali kuu itoe maelezo ya kina ya madhara kabla ya kuamua jambo kubwa. Idara nyingine zilidhani ni karatasi za kujaza faili tu. Mwaka 1971 mahakama ya rufani mjini Washington, katika kesi ya kinu cha nyuklia cha Calvert Cliffs, ikasema hapana: madhara lazima yapimwe katika uamuzi wenyewe. Watu wa Uyombo, ambao mwaka 2024 waliandamana kupinga pendekezo la kinu cha nyuklia hapa Kilifi, wangeielewa kesi hiyo bila mkalimani.

Haya, tunapimaje? Mwaka huohuo wa 1971, Luna Leopold na wenzake wa idara ya jiolojia ya Marekani walitoa jibu ambalo sisi wa kompyuta tunalielewa mara moja: jedwali. Juu waliorodhesha vitendo 100 vya mradi, kwa mfano kulipua miamba au kutengeneza barabara. Kando waliorodhesha mambo 88 ya mazingira, kama udongo, maji, ndege na maisha ya watu. Zidisha, unapata visanduku 8,800. Kila kisanduku kinachohusika hupewa namba mbili, kuanzia 1 hadi 10: moja ya ukubwa wa athari, nyingine ya umuhimu wake. Mfano waliouonyesha ulikuwa wa uchimbaji wa fosfati huko California.

Uzuri wa jedwali ni kwamba linakukumbusha. Ubaya wake ni kwamba visanduku havizungumzi. Vumbi la mgodi huingia kwenye dimbwi, mbuzi hunywa, mtoto hunywa maziwa. Huo ni mnyororo, na jedwali haliuonyeshi. Jens Sorensen alilijibu hilo mwaka 1971, alipochora minyororo ya athari kwa ajili ya pwani ya California. Kabla yake, mwaka 1969, Ian McHarg alikuwa ameeleza njia ya kupandanisha ramani zinazopitisha mwanga, moja juu ya nyingine, mpaka sehemu nyeti zikajitokeza zenyewe. Programu za ramani za leo hufanya hivyohivyo kwa matabaka ya kidijitali. Fikiria Kilifi: tabaka la kaya, tabaka la visima, tabaka la msitu wa Arabuko-Sokoke, tabaka la maombi ya uchimbaji.

Mwaka 1978 C.S. Holling na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliwaweka pamoja wanasayansi, wenye maamuzi na waandishi wa programu, wakatengeneza mfano wa kompyuta wa mazingira yanayojadiliwa. Ujumbe wao ulikuwa huu: utabiri utakosea mahali fulani, kwa hiyo panga mapema namna ya kufuatilia na kurekebisha.

Kenya na msitu wa Dakatcha

Kwetu Kenya, sheria ya usimamizi na uratibu wa mazingira ilipitishwa mwaka 1999 na kuanza kutumika Januari 2000. Mamlaka ya NEMA ilianza kazi mwaka 2002, na kanuni za tathmini zikatoka 2003. Kanuni hizo zilimtaka mwenye mradi aitishe mikutano na wanaoathirika, abandike matangazo, atangaze gazetini, na atangaze redioni kwa lugha rasmi na lugha ya wenyeji. Kisha Katiba ya 2010, kifungu cha 69, ikaibebesha serikali wajibu wa kuwa na mifumo ya tathmini na ya kufuatilia mazingira.

Mtihani ulitufikia mlangoni. Ng'ambo ya mto Sabaki, katika msitu wa Dakatcha, kampuni ya Kenya Jatropha Energy, yenye wenyewe Italia, ilitaka kupanda jatropha, yaani mbono kaburi, katika ardhi ya hekta 50,000 ili kupata mafuta ya kuendeshea mitambo. Ilisemwa kwamba ni nishati safi. Mwaka 2011 utafiti uliofadhiliwa na mashirika ya mazingira na ya maendeleo ulihesabu pia kaboni ambayo ingetoka kwa kufyeka msitu. Ukapata kwamba mafuta hayo yangetoa gesi joto mara 2.5 hadi 6 kuliko mafuta ya kawaida ya petroli. Mwaka 2012 NEMA ikaukataa mradi.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoipenda. Dakatcha na Arabuko-Sokoke ni makao ya ndege aitwaye mnana wa Clarke, Ploceus golandi, ambaye hapatikani popote duniani ila Kilifi. Sayansi ilimwandika mwaka 1913. Viota vyake vilionekana mara ya kwanza mwaka 2013, katika kinamasi cha Dakatcha. Miaka 100! Ripoti yoyote kabla ya hapo, kwenye kisanduku cha "mahali anapozalia", haikuwa na la kuandika.

Kila mtu wa hifadhidata anajua kwamba sifuri na pengo si kitu kimoja. Sifuri maana yake tumepima, hakuna kitu. Pengo maana yake hatujapima. Ripoti ikiandika "hakuna athari" mahali ambapo ingeandika "hatujui", jedwali zima limeharibika, hata kama hesabu zake ni sahihi.

Gharama ya pengo

Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kiliyeyusha betri chakavu na risasi ikaingia katika damu za watoto. Kiwanda kilianza kazi kabla ya tathmini kufanywa. Mwaka 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3. Fidia hiyo ikatenguliwa kwenye rufaa 2023, na Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2024. Risasi hiyo ni madini yaleyale yaliyomo katika ardhi ya Vitengeni.

Na Lamu, leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe iliyotolewa 2016 ilifutwa 2019 na baraza la rufaa za mazingira, kwa sababu, pamoja na nyingine, wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Mimi nikitazama historia hii naona marekebisho matatu yasiyohitaji mitambo mikubwa. Kwanza, data za ripoti zitolewe kama majedwali na ramani zinazofunguka, si picha za kurasa ambazo huwezi kutafuta neno ndani yake. Pili, kila kisanduku kiseme kimepimwa lini na kwa njia gani, na pengo liitwe pengo. Tatu, namba za utabiri ziwekwe kando ya namba za baada ya mradi, mwaka hadi mwaka, mahali ambapo mwananchi anaweza kuziona.

La nne si la kompyuta. Muhtasari usomwe barazani kwa Kigiriama, kisha wazee na kina mama waulizwe maji hupita wapi masika. Wao ndio wenye data ya miaka mingi kuliko mtaalamu yeyote, na mpaka sasa hakuna kisanduku kilichotengwa kwa ajili yao.