Mgonjwa Anaposimama: Historia ya Shinikizo la Damu na Mkao wa Mwili

Historia ya kupima shinikizo la damu, kama inavyosimuliwa katika vitabu vingi, ina tarehe tatu. Mwaka 1733 kasisi Mwingereza, Stephen Hales, alichapisha habari za farasi jike aliyefungwa chali. Alimtia bomba la shaba katika mshipa wa paja, na damu ikapanda ndani ya neli ya kioo futi 8 na inchi 3. Mwaka 1896 Scipione Riva-Rocci wa Italia alileta ukanda wa kufunga mkononi pamoja na kipimo cha zebaki. Mwaka 1905 Nikolai Korotkov wa Urusi akaonyesha namna ya kusikiliza mshipa chini ya ukanda huo. Masimulizi huishia hapo. Mimi naona yameacha jambo kubwa: kipimo kinamtaka mtu atulie, na maisha hayatulii.

Tunaposimama, nusu lita ya damu au zaidi huteremka tumboni na miguuni. Damu inayorudi moyoni hupungua. Mbona basi hatuanguki kila asubuhi tunapotoka kitandani?

Leonard Hill aliliuliza swali hili London mwaka 1895, kabla hata ya ukanda wa Riva-Rocci. Aliwafunga wanyama kwenye ubao, kisha akauinua upande mmoja. Sungura wa kufugwa, mwenye tumbo legevu, hakustahimili kuwekwa wima: damu ilijikusanya tumboni na shinikizo likaanguka. Hill alipolibana tumbo lile kwa nje, shinikizo lilirudi. Kwa hiyo kuna kitu ndani ya mwili ambacho kwa kawaida hufanya kazi ya kubana.

Kitu hicho ni neva, na sehemu ya jibu ilikuwa tayari imepatikana. Mwaka 1866 Elie de Cyon na Carl Ludwig, huko Leipzig, walikuta neva inayopeleka habari za shinikizo kwenye ubongo. Katika miaka ya 1920 Heinrich Hering alionyesha kwamba shingoni, pale mshipa mkubwa unapogawanyika, pana kihisi cha namna hiyo. Shinikizo likishuka, ubongo huachia breki ya moyo, mapigo huongezeka, mishipa hukaza. Haya hutokea kwa sekunde chache, bila sisi kuyaamrisha.

Lakini ushahidi unaonigusa zaidi ni wa mwaka 1925. Samuel Bradbury na Cary Eggleston, madaktari wa New York, walieleza habari za wagonjwa watatu waliozimia wakisimama. Shinikizo lao lilianguka, na mapigo ya moyo yakabaki karibu vilevile. Hawakutoka jasho kama watu wengine, na joto liliwazidishia taabu. Moyo uliweza kupiga. Amri ya kuongeza mwendo ndiyo haikufika. Kuanzia hapo, kuzimia kwa kusimama kuliweza kuitwa hitilafu ya neva. Nasema kuliweza tu. Shuleni kwetu, miaka karibu 90 baadaye, msichana aliyeanguka kwenye mstari wa asubuhi aliambiwa ni mvivu na hajanywa uji. Uji alikuwa amekunywa, tulikaa meza moja.

Kanda yetu nayo imo katika historia hii. Mwaka 1966 watafiti Wamarekani walichapisha vipimo vya twiga dume wawili waliokamatwa karibu na Kiboko, Kenya, wakafungwa vyombo vya redio shingoni na kuachiwa waende zao. Kwa mara hii mnyama hakufungwa chali kama farasi wa Hales. Twiga akisimama, shinikizo la damu iendayo kichwani lilikuwa kati ya milimita 90 na 200 za zebaki. Akilala na kuweka kichwa ardhini, liliweza kufika 280.

Mwaka 1996 wataalamu walikubaliana juu ya kipimo cha binadamu: shinikizo la juu likishuka kwa 20, au la chini kwa 10, ndani ya dakika tatu za kusimama, hiyo ni dalili. Hakihitajiki chombo kipya, ila ukanda uleule na dakika tatu. Babu yangu alitumia dawa za presha kwa miaka sita. Kila mwezi alipimwa ameketi kwenye benchi, akasifiwa kwa namba nzuri. Alivunjika nyonga usiku alipoinuka kwenda msalani.